Gobore la Urithi Lenye Mtutu Ulioumia: Jinsi ya Kuukagua na Kuutolea Uamuzi

Mvua zilipokata, babu mmoja wa upande wa Chemba alikuja karakanani kwangu Kizota, hapa Dodoma, akiwa na mjukuu wake. Gobore lake, bunduki ya kushindilia baruti kupitia mdomoni, lilikuwa ndani ya gunia la mahindi, na leseni yake ameikunja kwenye mfuko wa nailoni, kifuani. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. "Mwanangu," akasema, "nikerezee kizibo kipya cha nyuma. Hiki kinavuja moshi." Nikamuuliza lilipiga lini mara ya mwisho. "Juzi tu, nguruwe pori walipoingia kwenye mtama. Lilipiga vizuri kabisa."

Mimi ni mkerezaji wa vyuma. Kizibo chenye thredi, kile kinachofunga mtutu kwa nyuma, ni kazi ya saa mbili kwenye mashine yangu, lakini ukarabati wa silaha una leseni yake na mimi sina. Nilichoweza kumfanyia babu yule ni kuusoma mtutu wake pamoja naye, tukakaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Niliyomwonyesha siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mjomba wangu hana kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ndio unaobeba mtutu, kwa hiyo mtutu ukipasuka mkono huo ndio unaolipa kwanza, halafu macho, halafu aliyesimama ubavuni. Na gobore la mjomba nalo lilikuwa limepiga vizuri kabisa siku chache kabla.

Basi lishike hili kabla ya hatua yoyote: mtutu kupiga salama jana si ushahidi wa leo. Ufa ndani ya chuma hukua kidogo kidogo kwa kila mlio, kama ufa wa ukuta wa tembe kila msimu wa mvua. Wanaoniletea mitutu huniuliza, "Bado unapiga?" Swali la kuuliza ni hili: chuma kilichobaki kinatosha, na kina jeraha gani mahali ambapo moto unakandamiza?

Karatasi kwanza

Gobore ni silaha mbele ya sheria, hata likiwa la babu wa babu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na mashamba na ng'ombe. Mwenye gobore akifariki, familia inapaswa kwenda polisi na kuanza utaratibu upya, ama kulisalimisha. Kama umelikuta darini na hujui karatasi zake ziko wapi, usilibebe barabarani kwenda kwa fundi wala kwa jirani. Mwone mtendaji wa kijiji au nenda kituo cha polisi ueleze, waje walichukue au wakupe maelekezo. Mengine yote yafuatayo ni ya mwenye leseni halali.

Hesabu kwamba lina baruti

Magobore mengi ya urithi yalihifadhiwa yakiwa yameshindiliwa. Mzee aliliacha tayari kwa ajili ya fisi, akaugua, akafa, na mzigo ukabaki ndani. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi. Inaweza kukaa miaka mingi sana ikawaka kama iliyotiwa jana, na dari za Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka.

Kabla ya kugusa kitu kingine, elekeza mdomo wa mtutu mahali pasipo na mtu wala nyumba. Kama kuna fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia, juu ya kichuchu chake, yaani kibomba kinachopeleka moto kwenye baruti, iondoe taratibu kwa kuzuia nyundo na kidole gumba isidondoke. Halafu chukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, au fimbo nyembamba iliyonyooka, uuingize ndani mpaka ukome, ukisimama pembeni, kichwa na kifua viwe mbali na mdomo wa mtutu. Tia alama kwenye fimbo pale mdomo ulipo. Itoe, uilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya pili ikifika usawa wa tundu la moto au wa kichuchu, ndani hakuna kitu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla ya hapo, kuna kitu. Mitutu mingine ina chumba cha baruti chembamba kuliko mtutu wenyewe, na fimbo nene hukomea hapo ingawa ndani ni patupu. Usijipe moyo kwa sababu hiyo. Ukiona fimbo imekomea njiani, hesabu kwamba lina mzigo.

Likiwa na mzigo, kazi yako imeishia hapo. Usilipige ili "kulitoa", kwa sababu unakagua mtutu ambao tayari unaushuku. Usitoboe, usichome moto, usigonge kwa nyuma, usichungulie, usipulize kwa mdomo. Wengine humimina maji wakidhani baruti imelowa, kumbe gololi na kitambaa vimeziba na baruti nyuma yake imebaki kavu. Mwenye leseni ya ufundi wa silaha ana vifaa vya kuvuta mzigo kutoka mbele bila moto. Polisi wilayani watakuelekeza aliko.

La babu wa Chemba lilikuwa tupu. Tuliendelea.

Livue mti wake

Watu wengi hukagua mtutu ukiwa umekaa kwenye mti, yaani ule mwili wa mbao wa gobore, wakapangusa sehemu ya juu, wakaridhika. Sehemu ya chini, ile inayolala kwenye mninga, ndiyo kutu inapojificha. Mti hunywa jasho la mikono na unyevu wa masika, ukaushikilia dhidi ya chuma mwaka hadi mwaka. Nimeona mtutu ambao juu uling'aa na chini umeliwa mashimo kama nafaka iliyoingiwa na wadudu.

Kwa hiyo ondoa pini au kabari zinazoushika mtutu, na ile skrubu ya mkiani, utenganishe chuma na mti. Kwenye magobore ya vijijini utakuta mtutu umefungwa kwa waya au kwa ngozi mbichi iliyokaukia juu yake. Kata zote. Ngozi ikikauka hubana vizuri na inapendeza kwa macho, ila mara nyingi mtu aliifunga pale kwa sababu aliona kitu asichokipenda. La babu lilikuwa na ngozi ya ng'ombe, kiasi cha shubiri moja, karibu na nyuma. Alisema aliyeifunga ni marehemu kaka yake na hakuwahi kumwambia kwa nini.

Osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, ndani na nje, ukisugua kwa kitambaa kwenye mdeki mpaka kitoke cheupe. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu hewani, na hizo ndizo zinazolisha kutu. Mafuta ya petroli hayaziyeyushi. Maji ya moto ndiyo dawa, na yana faida ya pili: chuma kikishapata moto hukauka chenyewe. Kama kutu imeshikana, jaza mafuta ya taa ndani kwa usiku mmoja, uoshe tena kesho yake.

Usitie msasa mkali wala grenda. Naomba sana hapo. Grenda inafuta ushahidi: inapaka chuma juu ya ufa, inasawazisha uvimbe, inafuta alama za kiwanda, halafu inapunguza unene wa kile kidogo kilichobaki. Akikuletea mtu gobore kuukuu ambalo mtutu wake umeng'arishwa kama sufuria mpya, anza na shaka.

Mtutu umetoka wapi

Chuma kina ukoo, na ukoo wake unakuambia udhaifu wa kutafuta.

Magobore ya kale yaliingia kwetu na misafara. Njia ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukata Ugogo katikati, na watemi wa Ugogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka maji na njia. Nguo, shanga na bunduki vilibaki nyuma. Mwaka 1890, kwa Mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya na mengine yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ila yakaacha mwanya kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya biashara. Ndiyo sababu moja ya silaha za aina hiyo kuzagaa barani muda mrefu baada ya Ulaya kuziacha.

Mitutu mingi ya zamani ilifuliwa kwa kukunja bapa la chuma na kuliunganisha kwa nyundo na moto. Ina mshono wa urefu, hata kama hauonekani, na ufa wake hupenda kufuata mshono huo. Tafuta mihuri upande wa nyuma, juu au chini ya mtutu. Herufi E, L na G zikiwa ndani ya duara lenye umbo la yai zina maana kwamba ulipimwa Liège, Ubelgiji. Taji pamoja na fimbo mbili za kifalme zilizopishana ni za Birmingham, Uingereza, ambako nyumba ya kupimia mitutu ilianzishwa mwaka 1813. Mihuri hii inathibitisha kwamba siku ulipotoka kiwandani mtutu ulistahimili mzigo mkubwa kuliko wa kawaida. Haisemi lolote kuhusu miaka mia iliyofuata.

Kundi la pili ni la kienyeji: bomba la maji, stelingi rodi, au kipande chochote cha mviringo kilichopatikana gereji. Hapa sitazunguka. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji, na mengi yana mshono uliounganishwa kiwandani. Ingiza kidole au tochi ndani uone kama kuna mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Uwepo mstari au usiwepo, bomba halikuwahi kuwa mtutu, na hakuna ukaguzi utakaoligeuza kuwa mtutu. Tena kulitengeneza ni kosa kisheria. Lisalimishwe. Huna haja ya kusoma hatua zinazofuata kwa ajili yake.

Kuusoma kwa nje

Shika mtutu kama unavyokagua mbao: jicho kwenye ncha moja, mwanga wa dirisha mbele yako, ukiuzungusha polepole. Mstari wa mwanga juu ya chuma unapaswa kuteleza bila kukatika. Ukikunjika mahali, weka alama ya chaki hapo. Kisha laza rula ya chuma juu ya mtutu, pande nne au nane, utafute mwanga unaopita chini yake. Halafu funga macho upitishe vidole. Vidole huhisi uvimbe mdogo ambao macho yanauruka.

Mwenye kalipa apime kipenyo cha nje kila sentimita 5 kuanzia nyuma hadi mbele na aandike. Mitutu mingi hupungua unene kidogo kidogo kuelekea mdomoni. Namba zikishuka, zikapanda ghafla, kisha zikashuka tena, hapo pana uvimbe. Tofauti ya nusu milimita inatosha kunitia wasiwasi.

Bonde na uvimbe si kitu kimoja. Bonde ni pigo la nje: lilianguka kwenye jiwe, likakanyagwa na ng'ombe. Lina ubaya wake, kwa sababu gololi inaweza kukwama hapo. Uvimbe umetoka ndani. Maana yake chuma kilishavutwa kupita uwezo wake wa kurudi, na chuma kilichovutwa hivyo hakirudi kuwa kile cha awali hata ukikigonga kikawa sawa.

Uvimbe wa duara, kama pete, una chanzo kimoja ninachokutana nacho kuliko vyote: gololi haikushindiliwa mpaka ikae juu ya baruti. Nafasi ya hewa ikabaki katikati. Baruti ilipowaka, moto ukakimbia kwenye nafasi ile ukagonga gololi iliyosimama, na shinikizo likarundikana hapo kwa nukta moja. Matope mdomoni au kiota cha nyigu ndani hufanya kazi ileile. Kwetu nyigu hujenga upesi sana ndani ya tundu lolote lililoachwa wazi ukutani.

Angalia pia kazi za mikono: shaba iliyoyeyushwa kuziba tundu, weldi, bati lililozungushiwa. Weldi kwenye mtutu ni hukumu, popote ilipo. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha kando, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika sehemu moja, na laini sehemu nyingine, na hakuna anayeweza kukuhakikishia umbali joto lilipofika.

Tulipokata ngozi ya kwenye gobore la babu hatukukuta weldi. Tulikuta mstari mwembamba mweusi, urefu wa kidole, ukifuata urefu wa mtutu. Inaweza kuwa mkwaruzo, nikamwambia, na inaweza kuwa ufa. Tukaacha hapo kwanza.

Kuusoma kwa ndani

Hapa ndipo ukaguzi hasa ulipo. Shinikizo la baruti hufika maelfu ya pauni kwa kila inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo lina pauni 30 hivi. Nguvu hiyo inavuta chuma kwa mzunguko, na ukuta wa ndani ndio unaovutwa zaidi. Tundu likiwa pana mara mbili huku unene wa ukuta ukibaki uleule, mzigo kwenye chuma nao unakuwa mara mbili. Ndiyo maana magobore ya tundu pana na ukuta mwembamba yananitisha kuliko mengine.

Shusha tochi ndogo ya taa nyeupe kwa uzi kutokea mbele. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ni bora zaidi, na siku hizi haipatikani kwa shida. Tafuta pete ya kivuli: mahali ambapo mwanga unakatika kwa duara zima ni pale ulipovimba, hata kama kwa nje hukuona.

Kisha funga kitambaa kwenye mdeki kikaze sawasawa, upake mafuta kidogo, usukume kwa mwendo mmoja. Uzito ukiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho ni dalili njema. Mdeki ukikwepa ghafla kama mguu ulioingia shimoni, umepita kwenye uvimbe. Ukikaza ghafla, kuna bonde au kutu iliyoganda. Rudia mara tatu, na tia alama kwenye mdeki kila unapohisi kitu, ili ujue ni umbali gani kutoka mdomoni. Linganisha na alama za chaki za nje.

Kwa mashimo ya kutu, mahali na kina ndivyo vinavyoamua. Madoadoa yasiyo na kina, kama ngozi ya mtu aliyepona tetekuwanga, yaliyotawanyika nusu ya mbele, yanaharibu shabaha zaidi ya kuhatarisha maisha. Mashimo yenye kina kwenye theluthi ya nyuma ni jambo jingine kabisa. Shimo la milimita 1 kwenye ukuta wa milimita 5 halikuachii tu milimita 4. Nguvu zinakusanyika kwenye kitako cha shimo, na ufa huanzia hapo. Mashimo yakipangana mstari mmoja kwa urefu, yasome kama ufa unaojitayarisha.

Nyuma, kwenye kizibo na kichuchu

Babu alikuja kwa sababu ya moshi unaovuja nyuma, na alikuwa sahihi kuuogopa, ila alidhani kizibo ndicho kilichochakaa. Kizibo kinashikwa na thredi zilizo ndani ya mtutu wenyewe. Moshi ukipita, zimeliwa za kizibo, au za mtutu, au zote mbili. Kizibo kipya ndani ya thredi zilizooza kitakaa kwa muda tu, kisha kitatoka kwa nyuma, na nyuma kuna uso wa mpigaji.

Dalili za kutafuta: masizi meusi kwenye mstari unaotenganisha kizibo na mtutu, kutu ya rangi ya chungwa inayorudi hapohapo kila unapofuta, kizibo kinachocheza ukikishika, alama za patasi au nyundo za mtu aliyejaribu kukikaza. Hata moja ikionekana, gobore halipigi tena mpaka fundi wa silaha akifungue. Usikifungue mwenyewe kwa spana ya bomba. Kilichokaa miaka 80 hakitoki kwa nguvu bila kupasua kitu, na ukikitia moto umeharibu chuma palepale kinapohitajika zaidi.

Kichuchu ni kidogo lakini kimeng'oa macho ya watu. Kijaribu kwa vidole, kisitikisike kabisa. Tundu lake liwe jembamba kama la sindano. Likishapanuka kwa kuungua, moto mwingi hurudi nyuma na kuinua nyundo, vipande vya fataki vikaruka. Kwenye gumegume hali ni hiyohiyo kwa tundu la moto la ubavuni.

Chaki na mafuta ya taa

Sasa ule mstari mweusi. Kuna njia ya kale ambayo mafundi wa reli walikagua nayo ekseli na magurudumu, na haihitaji umeme.

Safisha mtutu mpaka usiwe na mafuta hata kidogo, ukauke. Loweka sehemu unayoishuku kwa mafuta ya taa kwa saa kadhaa, usiku mzima ni bora zaidi. Futa nje yote kwa kitambaa kikavu, tena na tena, mpaka kitambaa kisilowe. Saga chaki ya shuleni iwe unga laini, ikoroge na spiriti, upake safu nyembamba kwa brashi, uache ikauke ikawa nyeupe. Subiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda kwenye chaki yakachora mstari wa unyevu. Mkwaruzo hauna kina cha kutunza mafuta, kwa hiyo hautachora. Fanya kazi hii mbali na jiko na sigara, kwa kuwa spiriti na mafuta ya taa vyote hushika moto.

Kipo kipimo kingine nacho ni cha sikio. Tundika mtutu mtupu kwa kamba, uugonge kwa kipande cha mti mkavu, kama mama anavyogonga chungu mnadani kabla ya kutoa hela. Chuma kizima hulia kwa sauti inayodumu, chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Usiutegemee peke yake, maana hata kizibo kilicholegea huua sauti. Lakini ukisikia sauti iliyokufa, rudi ukatafute sababu.

Chaki inaonyesha tu ufa uliofika kwenye uso uliopaka. Ufa ulioanzia ndani na haujatokeza nje hutauona. Kwa hiyo chaki ikichora, jibu umepata. Isipochora, hujapata jibu. Karakana kubwa zina rangi maalumu za kupenya na vipimo vya sumaku, na fundi wa silaha anayejiheshimu atavitaka kabla ya kusema neno.

Kwenye gobore la babu tuliloweka saa tatu tu, kwa kuwa basi lilikuwa linamngoja. Chaki ilipokauka, mjukuu ndiye aliyeona kwanza. Mstari ulikuwa mrefu kuliko tulivyouona kwa macho. Ulianzia pale kizibo kinapoishia na kwenda mbele kiasi cha vidole sita.

Kutoa uamuzi

Yapo majeraha yasiyo na mjadala: ufa wowote, uvimbe wowote, weldi au shaba ya kuzibia mahali popote, mashimo yenye kina kwenye theluthi ya nyuma, thredi za kizibo zilizoliwa, na mtutu wa bomba. Gobore lenye hata moja kati ya haya halipigi tena. Usiniambie "nitatia baruti kidogo". Mtutu wenye ufa haujui kidogo, na mkono ukitetemeka usiku wakati wa kupima, kidogo kinakuwa kingi.

Yapo ya kupeleka kwa fundi mwenye leseni: kutu ya juujuu, bonde dogo upande wa mbele, kichuchu kilichochakaa, mdomo ulioliwa na mdeki. Yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Na kama hukuona lolote baya, bado umemaliza nusu tu ya kazi, kwa sababu hukuuona mtutu kutoka upande wa kizibo.

Kuna kipimo cha vijijini ambacho lazima nikiseme. Watu hulifunga gobore kwenye shina la mti au ndani ya tairi, wakashindilia baruti mara mbili, wakavuta kifyatuo kwa kamba ndefu. Likisalimika wanasema limepita. Usifanye hivyo. Mzigo ule mkubwa unaweza kuwa ndio ulioanzisha ufa, na mtutu "uliopita" ukapasukia mkononi kwa mzigo wa kawaida wiki inayofuata. Nyumba za kupimia kama ya Liège au Birmingham hupima vipenyo kabla na baada, na huukagua mtutu mzima baada ya mlio. Kuhesabu tu kwamba haukulipuka si kipimo.

Neno moja kuhusu baruti, kwa kuwa imeua mitutu mizima kabisa. Gobore linakula baruti nyeusi peke yake. Baruti ya ndani ya risasi za kisasa, ile isiyo na moshi, kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na mtutu wa gobore haukujengwa kwa shinikizo hilo. Baruti za machimbo ya kokoto na dhahabu ni mbaya zaidi. Ukikagua mtutu uliovimba nyuma kabisa, pale baruti inapokaa, muulize mwenyewe kwa upole alitia nini. Mara nyingi utajibiwa ukweli.

Babu wa Chemba alikaa kimya muda mrefu akiutazama ule mstari kwenye chaki. Akamuuliza mjukuu wake, "Ndiyo maana marehemu alifunga ngozi?" Mjukuu hakujibu. Niliandika kwenye kipande cha boksi, USIPIGE, UFA NYUMA, na tarehe, nikakifunga kwa waya kwenye mtutu, kwa sababu karatasi hupotea na mwenye kujua hufa kabla hajasema. Tukalirudisha kwenye gunia. Akaniambia hatapanda tena basi la Chemba siku ile, atalala kwa binti yake Chang'ombe, asubuhi waende polisi na leseni yake waandikishe kwamba limekufa, na aulize kama familia inaweza kubaki na mti wake, ule wa mninga, ambao baba yake aliuchonga kwa mkono.